Wewe Ni Mtu wa Wapi?



Mara nyingi kapita akiandika katika gazeti hili anaandika juu ya kengele, juu ya usafi wa misalani, au juu ya wale wanaoruka lupango saa ya sala. Leo tunaomba ruhusa tuandike jambo lingine. Ni jambo lililotupata sisi wenyewe, tena sisi ndio tuliokosa. Kwa hiyo msifikiri tunapanda juu ya mlima kuwahubiri. Tunasimama chini, karibu na mlango, pamoja na wenye kuchelewa.

Sisi wa darasa la mwisho tulikuwa tunajaza fishi kwa ajili ya mtihani wa dipulome. Wote wanaijua ile fishi, na wadogo wataijua siku yao ikifika. Inataka jina, jina la pili, jina la ubatizo, mahali na tarehe ya kuzaliwa, jina la baba, jina la mama, jimbo, teritware, sekta, kundi la vijiji. Sisi kama kapita tulipewa kazi ya kuzikusanya na kutazama kama kila mahali pamejazwa. Tukafika kwa mwenzetu mmoja aliyeingia shuleni kwetu mwaka jana. Mahali pa kuzaliwa aliandika: Kasulu. Tukasoma kwa sauti, darasa lote lisikie. Kisha tukaongeza maneno yetu: “Na Mutanzania naye anataka dipulome ya Kongo?”

Darasa likacheka. Walicheka sana, hata wale wa nyuma ambao hawakusikia vizuri.

Yeye hakucheka. Alingoja kelele iishe, akasema kwa ule Kiswahili chake cha ng'ambo: “Kule Kasulu walituita Wakongo. Hapa mnaniita Mtanzania. Sasa kapita niambie, kwetu ni wapi? Ndani ya ziwa?”

Hatukupata jibu. Tukachukua fishi, tukaenda. Lakini lile swali lilitufuata mpaka kitandani, na mpaka leo halijaondoka. Ndiyo sababu ya ukurasa huu. Tunataka kuuliza: mtu anajuaje kwamba yeye ni nani? Nani anamwambia? Na yule anayemwambia, alipewa na nani ruhusa hiyo?

Kwa fikira zetu, kuna mambo matatu. La kwanza ni yale tunayopewa kabla hatujajua kusema: jina, ukoo, lugha, mahali. La pili ni yale watu wanayotuita njiani. La tatu ni yale tunayoyafanya sisi wenyewe kila siku. Wengi wetu tunafika kwa la pili, tunalala pale pale. Na tunawalaza wenzetu pale pale.

Tuanze na jina, kwa kuwa fishi nayo inaanza na jina.

Hapa kwetu Baraka na Fizi utakuta mtu anaitwa Ramazani, mwingine Amisi, mwingine Asumani, mwingine Saidi. Mgeni akisikia atafikiri hao wote wanaenda msikitini siku ya Ijumaa. Wengine ni kweli wanaenda. Lakini wengine ni mashemasi wa kanisa, na mmoja anapiga ngoma katika korali yetu wenyewe. Majina hayo yalikuja na biashara ya karne ya 19, wakati waungwana na Waarabu wa Ujiji walipovuka ziwa kutafuta pembe za ndovu na, tusifiche, kutafuta watumwa. Kiswahili chetu kilitembea katika njia hizo hizo. Hata neno Baraka, jina la mji wetu, ni neno lililotoka mbali kwa Waarabu, likapitia pwani, likafika huku. Basi yule Ramazani wa korali anabeba katika jina lake safari ambayo yeye hakuifanya. Jina linasimulia mambo ya babu zake, lakini bado halijatuambia yeye mwenyewe ni mtu gani.

Tena jina linaweza kugeuzwa na amri. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi yetu ilikwenda kulala ikiitwa Kongo ikaamka ikiitwa Zaire. Mwanzoni mwa mwaka 1972 Rais Mobutu aliacha majina yake ya Joseph-Désiré, akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na raia wote wakaambiwa waache majina ya kizungu. Kardinali Malula wa Kinshasa alipopinga alipata taabu kubwa na serikali, akaondoka kwenda Roma. Wazee wetu waliobatizwa Petro na Yoeli na Debora wakaandikwa kwa majina ya ukoo tu. Dipulome za wakati ule, kama mzee wa nyumbani bado anayo katika sanduku, zitazameni: jina la ubatizo halipo. Lakini nyumbani mama hakuacha kumwita mtoto wake Petro. Mwaka 1990 mambo yalilegea, na yale majina yakarudi mchana. Tarehe 17 Mei 1997 hata nchi ikarudishiwa jina lake la Kongo.

Sisi hatuwahukumu wazee. Wazo la kupenda majina ya mababu halikuwa baya, na hata kitabu cha sheria ya jamaa cha mwaka 1987 kinataka majina yetu yatoke katika mila za nchi yetu. Ni wazo zuri. Ubaya ulikuwa kumlazimisha mtu. Petro aliyeandikwa bila Petro hakuwa Mkongo zaidi kuliko jana yake. Alikuwa mtu yule yule, ila sasa ana jina la mchana na jina la usiku.

Sasa tuje kwa jambo la pili, yale watu wanayotuita. Hapa tunapaswa kutubu kwa urefu.

Yule mwenzetu alipofika mwaka jana, wiki ya kwanza tulimtuma sokoni. Tukampa franga, tukamwambia: “Uende uuze chumvi.” Akasimama tu. Akauliza: “Chumvi ipi niuze? Iko wapi?” Sisi tukaanguka kwa kicheko. Kwetu kuuza ni kutoa franga na kuchukua kitu, na mwenye duka ndiye anayeuzisha. Kwake kuuza ni kutoa kitu na kupokea franga. Tulipomwekea sombe alisema asante kwa kisamvu. Ndagala akaita dagaa. Na mwalimu akiingia, sisi tunasema jambo, yeye anasema shikamoo. Darasa linacheka. Tazameni, ndugu zetu: tulimcheka mtu juu ya heshima!

Tangu hapo akawa “Mutanzania”. Hakuna aliyemuuliza kama anapenda. Baada ya miezi mitatu aliacha shikamoo. Baada ya miezi sita aliacha kunyoosha kidole darasani, yeye aliyekuwa wa kwanza katika Kifaransa. Maana kule Nyarugusu, na hili hatukulijua, watoto Wakongo walisoma programu ya Kongo, kwa Kifaransa, na walimu Wakongo. Alijifunza habari za Lumumba na za mto Kongo kama sisi, huku nje ya darasa watu wa nchi ile wanamkumbusha kwamba yeye ni mgeni. Alivumilia yote akingoja siku atakapovuka ziwa na kufika kwao. Amefika. Na sisi ndio tuliompokea hivi.

Wenzetu wa pedagojia wanasoma katika somo la saikolojia habari za Erik Erikson. Alisema kwamba maisha ya mtu yana vipindi nane, na kwamba kipindi cha tano, ndicho chetu sisi vijana, kazi yake kubwa ni kutafuta jibu la swali: mimi ni nani? Kijana asiyelipata anabaki kama mtumbwi uliokatika kamba. Mwaka 1968 aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo. Lakini mnajua yeye mwenyewe alikuwa nani? Alizaliwa Ujerumani mwaka 1902, mama yake Myahudi wa Denmark, baba yake hakumjua. Alilelewa na baba wa kambo na kupewa jina la baba huyo, Homburger. Katika masomo ya Wayahudi watoto walimcheka kwa kuwa ni mrefu na ana nywele za rangi ya dhahabu. Katika masomo ya Wajerumani walimcheka kwa kuwa ni Myahudi. Kule mgeni, huku mgeni! Baadaye alikimbilia Marekani, na mwaka 1939, alipopata uraia, akaanza kutumia jina la Erikson alilojichagulia. Sisi tulikariri vile vipindi nane kwa ajili ya mtihani, tukapata alama nzuri, tukatoka nje kumwita mwenzetu Mutanzania. Basi alama zile zilitufaa nini?

Na sisi wanafunzi wa shule ya Kiprotestanti, tunaosoma Biblia kila asubuhi, hatuna udhuru wowote. Musa alizaliwa Mwebrania, akalelewa Misri. Alipotaka kuwapatanisha ndugu zake wawili waliopigana, mmoja alimuuliza nani amemfanya mkubwa juu yao. Akakimbia mpaka Midiani, na wasichana wa kisimani wakaenda kumwambia baba yao kwamba Mmisri amewasaidia. Kwa Waebrania si Mwebrania vya kutosha, kwa Wamidiani ni Mmisri. Hata mtoto wake alimpa jina la kukumbuka ugeni. Na huyo ndiye Mungu aliyemtuma.

Mfano mwingine unatisha. Someni wenyewe Waamuzi, sura ya 12. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka walimwambia atamke Shibolethi. Aliyesema Sibolethi, ulimi wake ukishindwa, walimuua pale pale. Elfu arobaini na mbili walikufa. Walikuwa wa taifa moja, wajukuu wa Yakobo wote! Hatusemi kwamba mwenye kucheka “kisamvu” ni mwuaji, hapana. Tunasema tu kwamba kicheko chetu na kile kivuko vinafuata desturi moja: kusikiliza ulimi wa mtu ili kujua kama ana haki ya kupita. Na sisi watu wa Kivu tunajua vizuri kwamba njia hiyo ikianza inafika wapi.

Sasa tuwaambie lililotupata nyumbani.

Siku ya Jumamosi tulienda kumsalimia mama. Tulimkuta anachambua sombe. Tukamhadithia habari ya fishi, tena tulihadithia kwa kujisifu kidogo, tukifikiri atacheka. Hakucheka. Aliweka kisu chini, akauliza: “Na weye uko mutu wa wapi?”

Tukasema: “Wa hapa, mama. Nilizaliwa hapa Baraka, mwaka 2007.”

Akasema: “Ulizaliwa hapa, ndiyo. Lakini ulivuka mu tumbo.”

Ndipo alipotueleza mambo ambayo hakuwahi kuyasema. Mwaka 1996 vita ilipofika, yeye alikuwa msichana wa miaka minane. Walivuka ziwa usiku katika mtumbwi wa wavuvi. Wakaishia katika kambi la Lugufu, mkoa wa Kigoma, kambi ambalo lilifungwa mwaka 2009. Kule alisoma, kule alibatizwa, kule aliolewa. Tangu mwaka 2005 HCR ilikuwa inarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka, na yeye alipanda mwaka 2007, mimba ikiwa na miezi sita. Aliposhuka, wanawake wa sokoni walimwita “mukimbizi” muda wa miaka miwili. Kwa hiyo alijifunza upya kusema kuuzisha, akaacha kisamvu, akaacha shikamoo, akanyamaza juu ya Lugufu. Alinyamaza vizuri hata mtoto wake akakua bila kujua. Akatuambia: “Kama tungechelewa miezi tatu tu, na weye fishi yako ingeandikwa Kigoma.”

Miezi mitatu! Ndiyo tofauti yote kati ya kapita na Mutanzania.

Wapendwa, tulitembea kurudi shuleni tukiwa na aibu, lakini pia na furaha ambayo hatuwezi kuieleza vizuri. Aibu mnaielewa. Furaha ilikuwa hii: tulijua jambo zaidi juu yetu wenyewe. Hatukupungukiwa na kitu. Tulikuwa Wabembe wa Baraka, na bado ni Wabembe wa Baraka, na sasa tuna ziwa zima katika habari yetu, siyo ukingo mmoja tu. Na tukijiuliza, katika shule hii ni nyumba ngapi ambazo hazikuvuka? Kama si mwaka 1996, basi baadaye. Na kama si wazazi wetu, basi babu zetu, kwa maana katika vita ya mwaka 1964 na 1965 vilevile watu wa ukingo wetu walikimbilia Kigoma. Ziwa hili lina nchi nne: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Mipaka iliyo juu ya maji hakuna mvuvi aliyeiona.

Sasa tujibu wale wasiokubali. Kapita mwenzetu mmoja alisoma karatasi hii kabla ya kupigwa mashine. Akasema: “Ukiandika hivi, watu watasema umeuzisha kabila.” Ni neno zito, na yeye si mtu mbaya. Anaogopa kwamba mtu akisema “mimi ni huyu na pia yule” mwishoni atakuwa si kitu. Wazee nao wanasema mtu asiyejua ukoo wake ni kama majani makavu, upepo unayapeleka popote.

Hapa tunakubaliana nao nusu. Ni kweli tunahitaji mizizi. Tunaona aibu kwamba wengi wetu hatujui hata jina la babu wa babu, na Kibembe chetu kimekuwa cha kuombea maji tu. Zamani kijana alikaa lubunga pamoja na wazee, akasikia habari za ukoo, akajua ni wa nani na ana wajibu gani kwa nani. Leo jioni tunakaa na simu. Katika jambo hili wazee wana haki kabisa, na sisi ndio tuliopotea.

Lakini mzizi ni kitu kimoja na ukuta wa lupango ni kitu kingine. Mzizi unashika mti ili usianguke. Haumpigi mtu anayepita. Fizi yetu ina sekta nne, Mutambala, Ngandja, Tanganyika na Lulenge, na ndani yake wanaishi Wabembe, Wabwari, Wazoba, Wafuliiru, Wanyindu, Wanyamulenge, Wababuyu, Warundi na wengine. Kila mmoja ana mizizi yake. Yule anayekufundisha habari za babu yako ili umheshimu babu yako, huyo ni mzee, umsikilize mpaka usiku. Yule anayekufundisha habari za babu yako ili umchukie mtoto wa jirani, huyo anatafuta askari. Mjue tofauti.

Tunasema hivyo kwa sababu tumeona. Tangu mwaka 2017 vita vya milimani, huko juu Minembwe na pande za Itombwe, vimechoma vijiji vya kila upande. Kila upande una wajane wake na kila upande una orodha ya wafu wake. Ndani ya shule hii kuna waliopoteza baba, na hatuwaambii wasahau. Hatuna mamlaka ya kusema hivyo. Lakini tunajua vijana wa umri wetu, ambao tulicheza nao mpira, waliokwenda porini. Hakuna aliyewauliza kwanza kama wanaweza kulenga. Waliulizwa: “Weye ni wa nani?” Na kijana ambaye hajapata jibu lake mwenyewe anapokea haraka jibu la mtu mwingine, hasa likija na bunduki na chakula. Kwa hiyo swali hili si la saikolojia tu. Kwetu ni swali la kuishi na kufa.

Tufike kwa jambo la tatu, yale tunayoyafanya. Hili ni fupi kusema, refu kutenda.

Hakuna aliyezaliwa kapita. Miaka mitatu iliyopita sisi tunaoandika tulikuwa miongoni mwa wale wanaoruka lupango, na bwana perefe analijua hilo vizuri. Siku moja mwalimu wa zamu alitupa ufunguo wa bohari ya vitabu, akasema: “Mtafunga jioni.” Basi. Hakutuhubiri. Siku ya kwanza tulifunga kwa woga, siku ya kumi kwa mazoea, na baada ya muhula mmoja tukajiona ni watu wa kufunga bohari. Tuliaminiwa kwanza, ndipo tukawa wa kuaminika. Tunafikiri ndivyo mtu anavyokuwa mtu: anapewa kitu mkononi, anakishika, na kile kitu kinamfundisha yeye ni nani. Mwenye kuimba sauti ya tatu katika korali anajijua kwa sauti ya tatu. Mwenye kuamka mapema kuchota maji ya wagonjwa anajijua kwa ndoo. Fishi haina mahali pa kuandika hayo, lakini watu wanayaona.

Ukiyaweka pamoja mambo haya matatu utaona ubaya wa kucheka. Tuliyopewa hatukuyachagua. Tutakayofanya tunayachagua. Katikati yake kuna yale ya kuitwa, na hayo yanaweza kumfungia mtu njia. Yule mwenzetu alikuwa na Kifaransa cha kutusaidia sisi wote katika mtihani. Tulimpa jina, na jina lile likamfunga mdomo. Hasara ilikuwa yake, na ilikuwa yetu pia.

Basi tunaleta mapendekezo manne, na sisi makapita tutaanza nayo kwanza.

Moja. Mtu asiitwe jina ambalo yeye mwenyewe hakulikubali. Mutanzania, mukimbizi, mutu wa kambi, mutu wa mlima, mgeni, yote hayo yaishe. Zamani tulikuwa tunaandika kwenye liste yule anayepiga kelele kwa hasira ya kuitwa hivyo. Kuanzia sasa tutaandika yule aliyemwita.

Mbili. Katika interna, vitanda na makundi ya kuchota maji yasipangwe tena kwa kijiji cha kutoka. Tumeona kwamba wa Fizi wanalala na wa Fizi, wa Ubwari na wa Ubwari, na waliorudi kutoka ng'ambo wanapata kona karibu na mlango. Sisi ndio tuliopanga hivyo. Tutapanga upya.

Tatu. Katika likizo, kila mwanafunzi amuulize mzee mmoja maneno haya: Nani alinipa jina langu, na kwa sababu gani? Nyumba yetu ilipitia wapi mwaka 1996? Aandike ukurasa mmoja. Yaliyo mazuri tutayapiga katika gazeti hili, kwa ruhusa ya mwenyewe. Na mzee akikataa kusema, msimlazimishe. Mama yetu alikaa kimya miaka kumi na nane, na alikuwa na sababu zake.

Nne, na hili tunalisema kwa heshima kwa walimu wetu wapendwa, msitukasirikie. Mwanafunzi akisema shikamoo, tunaomba mumjibu marahaba. Mkijibu ninyi, darasa halitacheka. Na tukikosea Kiswahili cha vitabu, turekebisheni, lakini msituambie nani ana Kiswahili cha kweli na nani hana, kwa maana hata ninyi walimu nje ya darasa mnauza chumvi kama sisi.

Tulibaki na deni moja. Siku ya Jumatatu, baada ya kuinua bendera, tulimwendea yule mwenzetu. Tulikuwa tumetayarisha maneno mengi ya Kifaransa. Yote yalipotea. Tukasema tu: “Kaka, utusamehe. Na sisi tulitoka ng'ambo.” Tukamweleza habari ya Lugufu. Akatutazama muda mrefu, kisha akauliza kama mama bado anakumbuka soko la Lugufu, kwa maana shangazi yake aliuza samaki pale. Tukamuuliza: aliuza au aliuzisha? Safari hii tulicheka wawili, yeye akiwa wa kwanza.

Hatuwaambii kwamba yote yamekwisha. Bado ananyamaza darasani. Mtu aliyefungwa mdomo mwaka mzima hafunguki kwa neno moja la samahani. Lakini wiki iliyopita, mwalimu wa Kifaransa alipouliza swali, tuliona kidole chake kikipanda, polepole, mpaka juu. Hakuna aliyecheka.

Fishi zetu zimekwenda. Mahali pa kuzaliwa ameandika Kasulu, na ni kweli. Teritware ya asili ameandika Fizi, na ni kweli vilevile. Karatasi ile ndogo ilipata nafasi kwa yote mawili. Na sisi tunaoishi naye tuipate.

Kengele ya usiku ni saa tatu, kama kawaida.

Kapita wenu wa darasa la mwisho